Picha ya Tezi Yenye Ukungu

Ndani ya basi, mzee fundi viatu alimweleza kijana mpiga picha za harusi, aliyekaa dirishani, kwamba picha yake ya MRI imetoka na ukungu. "Mashine iligonga ngo, ngo, ngo. Nikainuka kusema karibu."

"Mzee wangu! Ukamkaribisha nani humo?"

"Mazoea tu. Sasa daktari anataka turudie leo, eti haoni kama tezi dume ina saratani. Kama haoni, si haipo?"

"Mzee, bwana harusi akitoka na ukungu, ina maana hakuoa?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Basi likasimama hospitalini. Akainuka taratibu, akampisha kijana apite.

"Mimi sishuki hapa," kijana alisema. "Si wewe, mzee, unayerudia picha leo?"

Fundi alibaki amesimama.