Mlango Uliofunguliwa Siku ya Wageni

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kuimaliza arubaini hii pamoja nasi, historia ya marehemu Heshmi Zuaghi inasomwa na dada yake mkubwa, Shadlia, kwa niaba ya familia, na wale waliomwomba tangu jana apunguze baadhi ya maneno wamwie radhi, alichopunguza ni salamu tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 hapa Ksar Hellal, mtoto wa tatu wa mzee Amor, mfumaji, na bibi Mabruka, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari Monastir, mtoto mtundu kwelikweli, hakuna redio ya jirani ambayo hakuifungua, na nyingine hakuweza kuzifunga tena. Alipata shahada ya fizikia Tunis mwaka 1991 na udaktari Ufaransa mwaka 1997, wakamwambia abaki huko, akarudi, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Aliajiriwa na chuo kikuu, katika maabara ya Profesa Munji Belkadhi, ambaye amefika na amekaa pale mbele, kazi yake ikiwa kuotesha semikondakta, tabaka jembamba mno juu ya kipande cha yakuti, ndani ya chumba cha chuma kilichonyonywa hewa yote, ili umeme ukipita tabaka litoe mwanga wa buluu. Wenye kazi hiyo wana mwiko, chumba hakifunguliwi ovyo, maana unyevu kidogo tu ukiingia, tabaka litaota lakini halitawaka, mpaka chumba kiokwe, yaani kipashwe moto kukausha unyevu, kwa siku nyingi. Mkewe Dalenda, waliyeoana naye tarehe 17 Julai 1999 wakajaliwa mabinti wawili, Esiya na Rim, alizoea kumtania, "Wewe una wake wawili, na yule wa chuma humgusi bila glavu," naye humjibu, "Angalau yeye hanuni." Mwaka 2006 tabaka lake liliwaka buluu kwa mara ya kwanza, akampigia mama simu huku analia.

Tarehe 12 Mei 2009 mama alifariki, Heshmi akaja kuzika, na tukiwa makaburini wageni wakubwa walifika maabara, Profesa akataka mlango wa chumba ufunguliwe wapige picha. Fundi Lutfi alimwambia, "Profesa, mwenyewe hayupo, tusubiri kesho," akajibiwa, "Kwani chumba ni cha babake?" Matabaka yaliyofuata hayakuwaka hata moja, na mbele ya wakubwa wa kitivo ikasemwa kwamba Heshmi alikimbilia msibani bila kukaza mlango. Alinyang'anywa ufunguo wa maabara, akapewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, chumba kikaokwa, buluu ikarudi kwa njia ile ile aliyoibuni yeye, na medali ya kazi hiyo akavaa mwingine. Inauma, jamani, na itaendelea kuuma.

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 14 Oktoba, na hata siku za mwisho hakuuliza habari za medali, aliuliza kama chumba kinatunzwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia kuskusi tulipokuwa hatujiwezi, wanafunzi wake, na fundi Lutfi, aliyetueleza ukweli wote akiwa bado na udongo wa kaburi la Heshmi mikononi.

Profesa naye ametuletea habari kwamba chuo kitaandika jina la marehemu juu ya mlango wa maabara yenye kile chumba. Familia inakataa. Miaka kumi na minne aliomba kuingia mle akiwa hai, hatutakubali jina lake lisimamishwe nje. Tunachotaka ni sentensi moja, mbele ya watu hawa, inayosema siku ile tukimzika mama ni nani aliyeufungua mlango wa chumba, na kipaza sauti, Profesa, nakiacha hapa mezani.

Pumzika kwa amani, Heshmi. Sisi tumekaa, tunasikiliza.