Mheshimiwa Ndani ya Beseni

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la Kalondu muuza kahawa pale Kamenu, hakuna aliyetaja mpira. Kila simu ilikuwa na picha moja: mheshimiwa wa wadi, suti na tai, ameketi ndani ya beseni la maji akijisugua mgongo, na kina mama wamepanga foleni mbele yake na mitungi mitupu. Nafuna aliiangalia kwenye simu ya jirani kana kwamba hajawahi kuiona. Ndiye aliyeitengeneza. Kichwa alikitoa kwenye bango la kampeni, beseni ni lake la kufulia, na foleni ilikuwa ya kweli. Alimtumia Chege fundi viatu peke yake, wacheke wawili; Chege akairusha kwenye grupu la mtaa.

— Hiyo ni AI tu, alisema Bedan, ambaye walimwita Bunge kwa kupenda hoja.

— AI itajuaje mtungi wa Waithira, huyu hapa kwenye foleni, umekatika mkono? Sifuna akadakia. Huyu walimwita Satelaiti kwa kudai anajua kila kinachopita angani. — Hii imepigwa na drone.

— Drone gani, na tunaona mpaka meno?

— Ilishuka, buda. Iliingia kwa dirisha.

— Zii, hapana. Mheshimiwa amejitengenezea mwenyewe. Anataka tumwongelee.

— Sasa ile gari ya vioo vyeusi inazunguka hapa tangu asubuhi inatafuta nini?

— Parking.

— Kamenu yote?

Nafuna alikuwa ameiona gari hiyo pia. Aliifuta picha kwenye simu yake, huku simu ya Bunge ikilia: mtu wa Ruiru amemtumia ileile.

Ndipo akaja Waruguru, mke wa Chege, amevaa slipa, hana hata salamu.

— Wamemchukua Chege! Wanaume wawili, wamemtoa pale anashonea viatu. Wanasema ni mambo ya picha. Ngai, mume wangu anajua viatu tu! Nani alitengeneza hiyo kitu?

Bunge akatazama kikombe chake. Satelaiti akatazama miguu yake. Nafuna angeweza kunyamaza, na hakuna pale ambaye angejua.

— Ni mimi, Waruguru.

Waruguru alimkodolea macho. Hakumpiga, hakumtukana.

— Basi simama twende.

Kalondu akamwagia jiko maji. — Hamwendi wawili, alisema, na wote wakafuatana.

Kituoni waliambiwa hakuna Chege aliyeletwa. Nafuna akasema picha ni yake. Askari akamwambia atoke nje angoje. Wakaketi chini kando ya lango, jua likiwachoma, Waruguru akipiga simu ya Chege iliyozimwa. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya Nafuna ashike ukuta.

Alasiri, bodaboda ilimshusha Chege pale langoni; mtaani alikuwa ameambiwa wako huko. Walikuwa wamemtupa kando ya barabara huko Murera, bila simu, mdomo umevimba. Waruguru alimkumbatia. Nafuna akasogea.

— Uliwaambia nini?

— Kwamba ni mimi.

— Chege! Kwa nini?

— Ningesema wewe, sahii ungekuwa wapi? Akapangusa damu kwa kiganja. — Wakaniuliza nimetumia app gani.

— Ukasema?

— Makasi.