Kikombe cha Maziwa cha Mume Wangu

Jambo hili limenigharimu mtoto wa pili. Mengine, nauli za gari na vitunguu swaumu vilivyooza nikiwa kitandani, nimeyahesabu mara mbili: yanalipika.

Akina mama wenzangu, nanyi akina baba mlioketi nyuma mkijifanya mmefuata chai, nisikilizeni. Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Mavuno yalipokwisha alirudi nyumbani Dongobesh mpole ajabu. Asubuhi na jioni ananiletea kikombe cha maziwa. Mwanaume wa kwetu, na kikombe mkononi! Majirani walikuja kutazama.

"Mbona yana uchungu?" nikamwuliza.

"Ng'ombe kala majani mabaya. Kunywa, mke wangu, upate nguvu."

Ndugu zangu, mimi mchuuzi wa vitunguu swaumu, hamniuzii kitunguu kibovu. Lakini upendo sikuukagua. Nilikunywa mpaka tone la mwisho.

Baadaye tumbo la chini likaanza kuwaka, na homa juu yake. Jirani akanipeleka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima, akanipima, kisha akamwita mume wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliwahi kuugua kisonono?"

Akatazama kofia yake. "Nilitibiwa kule shambani."

"Na dawa ya mkeo?"

"Walinipa. Nikampa. Nilifungua vile vidonge vya rangi mbili, nikamwaga unga kwenye maziwa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeniuliza ugonjwa nimeutoa wapi."

"Basi ulimnywesha maziwa tu, baba. Dawa hiyo ikikutana na maziwa haifanyi kazi."

Nikachomwa sindano, nikameza vidonge kwa maji, nikijua ninachomeza. Nilipona. Mirija ya uzazi haikupona.

Namshukuru muuguzi yule, aliyeniambia ukweli bila kuupunguza. Namshukuru jirani, aliyeniuzia sokoni vitunguu vyangu vilivyosalia bila kula hata senti; nilihakiki. Nanyi nawaambia: ugonjwa huu una dawa, mkitibiwa wote wawili na kila mmoja akijua.

Sasa mume wangu ameleta fidia. Ng'ombe wa maziwa! Wazee wanasema ni bei nzuri, nipokee yaishe. Tangu jana amefungwa uani, kiwele kimejaa, analia. Wenzangu, nishaurini kabla sijarudi nyumbani: nimkamue?