Nzisa Maluki na Simu Isiyouliza Jina

Bi. Nzisa Maluki, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Kimanzi, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia Ndarugu Sabuni kwa miaka thelathini na miwili. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alifanya kazi Thika. Tangu tufungue kiwanda cha pili, amekuwa mguu mmoja Thika, mwingine Ruiru. Kamati ya sherehe iliniomba mimi niandike wasifu huu kwa madai kwamba hakuna fundi aliyesumbuliwa na Nzisa zaidi kuliko mimi. Sikatai.

Mama Kimanzi ni mzaliwa wa Ngoliba, binti wa wakulima. Aliingia kwetu mwaka 1993 kama kibarua wa kufungasha, enzi ambazo miche ya sabuni ilikatwa kwa waya na kufungwa kwa mkono. Kutoka hapo alihamia mashine za kugonga chapa, akaajiriwa rasmi, na hatimaye akawa supavaiza wa shifti. Waliofanya kazi chini yake wanakumbuka sauti yake, ambayo ilishinda mngurumo wa mashine bila kipaza sauti. Wanakumbuka pia kwamba hakuna aliyeruhusiwa kushika kazi kabla ya kunywa chai. Alikuwa akisema mashine haijui njaa, lakini mkono wenye njaa hukatika.

Jambo litakalotufanya tumkumbuke zaidi lilianza mwaka 2022, simu zilipoletwa. Kila supavaiza alikabidhiwa simu yenye programu ya kuandikia uzalishaji na hitilafu za mashine, badala ya zile karatasi zilizokuwa zikifika ofisini zimelowa mafuta. Programu yenyewe ilitengenezwa Nairobi na watu waungwana ambao, nadhani, hawajawahi kushika simu wakiwa na sabuni viganjani. Ilikuwa na kurasa nyingi za Kiingereza na vitufe vidogo kama punje za mtama. Na kila mashine iliposimama, swali la kwanza lilikuwa jina la mfanyakazi aliyeisimamisha.

Wamboi wa idara ya kukata ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wengi. "Mama Kimanzi, hii simu ni ya kazi ama ni ya kutuchunga?"

"Sijui," Nzisa akamjibu. "Lakini nitajua."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Kwenye simu, mashine zetu zote zilikuwa buheri wa afya. Sakafuni, mashine namba tatu ilikwama kila shifti kama kawaida yake. Watu waliifungua, wakaichokonoa kimyakimya, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyetaka jina lake liende ofisini.

Nzisa alipanda ngazi hadi kwa meneja wa uzalishaji, Madam Idah Macharia, ambaye tayari alikuwa amezipeleka takwimu hizo nzuri kwa wakubwa. "Madam, hizi hesabu si za kweli," akamwambia. "Mashine zinakwama. Ni vile watu wanaogopa kuandikwa."

Idah anakiri kwamba maneno hayo yalimuuma. Lakini akasema, "Basi nionyeshe simu ambayo hawataiogopa."

Haikuwa kejeli. Kampuni ilikuwa imelipia mfumo unaomwezesha mtu yeyote kuunda programu ya simu bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Unachukua vipande vilivyo tayari, kama vile kitufe, picha au orodha, unaviburuta kwenye skrini na kuvipanga unavyotaka, kisha unaeleza kila kipande kifanye nini kikiguswa. Mafunzo yalikuwa Ruiru. Idah aliandikisha jina la Nzisa siku hiyohiyo. Wengine wote darasani walikuwa vijana ambao wangeweza kuwa watoto wake.

Haikuwa mteremko. Programu yake ya kwanza ilifuta kila kilichoandikwa ndani yake. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa akiijaribu nyumbani Jumapili moja bila kujua kwamba ameiunganisha na simu za wakubwa wote. Mkurugenzi wetu wa shughuli, Bwana Tobias, alikuwa kanisani kule Kahawa Wendani, mahubiri yakiwa yamekolea, simu yake ilipoanza kumwarifu kwamba mashine namba tatu imekwama. Ikakwama tena. Na tena. Alitoka mbio akidhani kiwanda kinaungua.

"Mama, umenitoa kanisani," alimwambia Jumatatu.

"Pole sana, Bwana Tobias. Lakini sasa umejua vile sisi husikia kila siku."

Bwana Tobias alicheka hadi akashika meza.

Programu ya tatu ndiyo mnayoijua. Unagusa picha ya mashine, unagusa kinachoisumbua, unapiga picha, basi. Ni ya Kiswahili, na vitufe vyake unaweza kuvigusa hata ukiwa na glavu. Fundi naye hujibu papo hapo kwamba ameona, anakuja, au amemaliza, kwa hivyo aliyeripoti anajua hakupiga kelele bure. Na haiulizi jina la mtu.

Sisi mafundi tulimchukia kwa wiki kadhaa. Ripoti zilimiminika hata tukakosa nafasi ya kula. Lakini ni ripoti hizo zilizotuonyesha kwamba namba tatu hukwama ikishapata joto tu. Tukaifungua, tukakuta beringi imekwisha, tukaibadilisha. Imetulia hadi leo. Wamboi alituletea ndizi.

Mambo hayakuendelea hivyo moja kwa moja. Mapema mwaka jana oda ziliongezeka, na Bwana Tobias akataka programu iongezwe ukurasa wa kuwapanga wafanyakazi kwa majina, kuanzia mwenye kasi hadi anayejikokota. Vibarua wa mkiani wasingeongezewa mkataba. Alimwambia Nzisa auunde ukurasa huo. Nilikuwa kwenye kikao.

"Hiyo sitatengeneza," Nzisa alisema.

"Mama, kila kiwanda kikubwa kinapima watu wake."

"Pimeni. Lakini si kwa simu hii. Nimewaambia watu haiwatafuti. Siku itakapoanza kuwatafuta, itakuwa kipofu."

Bwana Tobias alisema ni majaribio tu, tena ni Thika peke yake. Mtu mwingine akapewa kazi hiyo, na ukurasa ukawekwa, simu ikaanza tena kuuliza majina. Jioni hiyo Nzisa alimwambia Idah kwamba anafikiria kuacha kazi. Aliporudi asubuhi akiwa na ovaroli yake kama kawaida, Idah alimuuliza ni nini kimembadilisha mawazo. "Nikienda," akajibu, "nani ataendelea kuwasumbua?"

Ripoti za Thika zilipungua, halafu zikanyamaza. Katika idara ya kuchanganya, vali ya bomba la kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, ilianza kudondosha. Kuripoti kungesimamisha kazi, na aliyesimamisha angeteremka kwenye orodha. Watu waliizunguka tu. Kisha asubuhi moja vali ikaachia, na kostiki ikamrukia mkononi Apiyo, mmoja wa wachanganyaji.

Nzisa ndiye aliyefika wa kwanza. Alimshika Apiyo, akamwingiza mzimamzima chini ya maji ya dharura, na hakuuachilia mkono ule hadi ambulensi ilipofika. Wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa. Muda huo wote alikuwa akimsemesha, akimuuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, ili asiutazame mkono.

Mchana huo Bwana Tobias alikuja Thika, akasimama kwenye kantini. "Nani alikuwa ameiona ile vali?" akauliza. Wamboi akainua mkono. Akafuata mwingine, na mwingine, hadi karibu meza nzima ikawa imeinua mikono. Bwana Tobias alivuta kiti, akaketi.

"Kosa si lenu," alisema hatimaye. "Ni mimi niliyewanyamazisha."

Ni yeye aliyesisitiza kwamba kisa hiki kiandikwe humu. Nilipomuuliza kama ana hakika, aliniambia, "Ukikiacha, utakuwa hujaandika habari za Nzisa."

Baadaye Nzisa aliniambia kwamba angependa sana kama angekuwa amekosea yeye, mkono wa Apiyo ukabaki mzima.

Apiyo alipona, na aliporejea kazini ule ukurasa ulikuwa bado upo, ingawa umefungwa. Nzisa alikuwa ameomba usiguswe mpaka Apiyo arudi. Alimpa simu mbele ya shifti nzima. "Futa wewe," akasema. Apiyo akafuta. Vifijo vilisikika hadi langoni.

Tangu hapo hakuna aliyewahi kutuomba tena ukurasa wa namna hiyo, na ripoti zimerudi kutusumbua, shukrani kwa Mungu. Kule Ruiru, mwenzetu Kui amejiundia programu ya kukagua usafi wa matangi. Dereva mmoja wa folklifti, mkaazi wa Kalimoni, ameunda ya kukagua gari lake kabla ya kuliwasha. Wote wamepitia mikononi mwa Nzisa. Yeye huwapa somo moja kabla ya yote: nenda ukasimame kando ya anayeifanya kazi hiyo mpaka uchoke, ndipo uguse skrini.

Kuanzia Jumatatu, programu zote za viwanda viwili zitakuwa chini ya Apiyo, ambaye naye amefundishwa na Nzisa, kwa pendekezo la Nzisa mwenyewe, lililoungwa mkono na Idah na Bwana Tobias. Wiki iliyopita, wakiwa kwenye makabidhiano, mkanda wa kufungashia ulisimama ghafla na simu zikaanza kulia kila upande. Kwa mazoea, sote tuligeuka kumtazama Nzisa. Apiyo pia aligeuka.

"Unanitazama mimi kwa nini?" Nzisa akamuuliza. Akavua glavu zake, akatoka nje kuota jua. Apiyo akaishika simu, akatoa maagizo, na mkanda ukaanza kutembea.

Mama Kimanzi, kwa niaba ya wenzako wa Thika na Ruiru, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali wako, na kwa kukataa ilipobidi kukataa. Nenda Ngoliba ukafuge mbuzi wako na ulale hadi jua litoke. Mungu akupe afya, na siku zako zijazo ziwe njema kama ulivyokuwa mwema kwetu.

Wanyoike, fundi wa mitambo, Thika