Sumaku ya Kumsemesha Ida

Cecil alikuwepo. Hakusimuliwa na mtu. Aliona kwa macho yake haya haya, na anayebisha aende Newala akaulize. Siku tamu zile! Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kwa mnada, bado, wanunuzi binafsi wa korosho wakiwabembeleza wakulima kama wachumba, redio za watu binafsi zikibwabwaja usiku kucha, na kila mwenye chumba Masasi kafungua biashara. Kijiwe cha Cecil na wenzake kilikuwa benchi moja karibu na stendi ya Newala, na birika la Nikolao muuza kahawa. Jioni hiyo Gideoni akaja na habari: alfajiri anampeleka Masasi binti yake Ida, ambaye alikuwa anakaribia kuanza shule na hajapata kutamka neno. Kuna bwana huko ana mashine ya kupitisha umeme kichwani.

— Mimi ndiye niliyemfungua macho! Cecil akajipiga kifua. Redio imesema, ugonjwa unaitwa usonji. Ulaya wanaweka sumaku kichwani, ubongo unaamka, mtoto anasema.

Nurdin, mpuliziaji dawa mikorosho waliyemwita Salfa kwa jina la dawa hiyo, akasonya.

— Sumaku ya nini? Huo ni ubwiri unga tu, ule ukungu wa maua ya mikorosho. Ubongo nao una maua, bwana. Salfa kidogo, asubuhi, upepo ukiwa umelala.

— Unapulizia puani? Nikolao akauliza.

— Masikioni, we! Puani si atapiga chafya, dawa yote itoke?

— Masasi mbali, akasema Dickson, fundi baiskeli. Dainamo yangu inatosha. Waya huku, waya huku, mimi nakanyaga pedeli taratibu mpaka aseme shikamoo.

— Ukikanyaga kwa nguvu? Salfa akauliza.

— Atasema Kiingereza.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Gideoni peke yake hakucheka.

— Ninyi chekeni. Wenu wanawaita baba.

Kicheko kikakatika. Cecil akamshika bega.

— Baba Ida, nenda. Ningekuwa mimi, saa hizi niko Masasi.

Hapo akatokea Veridiana, mama Ida, anatoka kuchota maji pamoja na Ida. Akatua ndoo. Ida akainama, akalaza shavu kwenye ndoo, akawa anacheka peke yake na maji yaliyokuwa yakicheza ndani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Ida.

— Shemeji Cecil, kesho mwanangu anafungwa nyaya. Nina swali moja tu. Wale watoto wa redioni, walipoamka, walisema nini?

Cecil, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akajiongezea kahawa kikombe kikiwa tayari kimejaa. Akamtazama Salfa. Salfa akatazama kikombe chake.

— Walimwita mama? Veridiana akauliza tena, polepole.

— Mama Ida... Mtangazaji alisema wataalamu bado wanajaribu, hawajajua kama inafaa.

— Na kusema?

— Hilo la kusema niliongeza mimi.

Gideoni akainuka, akajitwika ndoo mwenyewe, wakashika njia ya nyumbani. Alfajiri basi la Masasi likaondoka bila wao.