Nzisa Mulinge Alikuwa Kando ya Lami

Wachungaji, majirani na wafiwa wenzetu, mliopata hema na mliokaa juani, marehemu Nzisa Mulinge alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na soko la Nunguni, Makueni, mtoto wa pili wa marehemu mzee Muthama na mama Kathini, ambaye tuko naye hapa leo. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1968 hadi 1974, akajifunza ushonaji, na mwaka 1984 akafungua duka la sare za shule hapa Kabati.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa kanisani na Mulinge, wakajaliwa watoto wawili, Musembi, na Wavinya anayewasomea haya. Musembi aligongwa na gari akafa tarehe 12 Juni 1998 akienda shule, akiwa na miaka kumi na mmoja, na historia yake iliyosomwa siku ya kumzika katika boma hili ilisema gari lilikosa breki, ilhali fundi aliyelikagua alikuta breki nzima, na mama, ambaye alilijua hilo, alinyamaza, wala hakujisamehe.

Mwaka huohuo akaomba kuwa mwandishi wa kamati ya mazishi ya kanisa, kazi aliyoifanya hadi mwisho, na ukaidi wake mnaujua, maana ukimletea karatasi ya historia ya marehemu inayosema barabara imekula mtu alikurudisha nayo nyumbani, akikuambia barabara haina meno, nenda uulize ni nani alikuwa anaendesha. Hata sisi tulipomwonya asikatize barabara alitukaripia, akasema soko liko pande zote mbili, yeye anakwenda sokoni, wanaokatiza Kabati ni hao wenye malori.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua, hakuwa na sukari wala presha, na magoti yake yalikuwa mazima kuliko ya binti yake. Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa moja kasorobo asubuhi, akienda dukani kwa miguu, kando kabisa ya lami, dereva wa pikapu aliyekuwa akilipita lori alitoka barabarani akamgonga, na mama akafa papo hapo. Kitabu cha polisi kinasema mtembea kwa miguu alijitokeza ghafla. Alijitokeza wapi, na viatu vyake tuliviokota kwenye nyasi? Tuliombwa kwa heshima tuandike ajali tu, ili msiba upite kwa utulivu, tukakataa. Jina la dereva tunalo, ila hatulisomi leo, kwa sababu mama yake yuko nasi tangu Jumatatu akitupikia, na uchungu wake tunauona.

Familia inamshukuru daktari aliyeandika alichokiona, majirani waliomfunika kwa leso zao za kujifunga, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoacha mezani. Jumatatu saa mbili asubuhi tunarudi kituoni na karatasi hii, kitabu kiandikwe upya, na anayetaka kuja aje kwa miguu, tutapita palepale alipopita yeye.

Pumzika kwa amani, mama, na umwambie Musembi kwamba safari hii hatukunyamaza.