Aliyefuata Maji Katika Njia za Viboko

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 18 Aprili 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bohari ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa reli na mama yake mshona nguo. Walizaliwa watatu: dada yake mkubwa, kisha yeye, na baada ya miaka saba kitinda mimba, mvulana ambaye mtaa mzima ulikuja kumwita Kasia kwa jinsi alivyopenda mashua. Mama yao alikuwa akisema kwamba huyu wa kati alichelewa kutembea, lakini kuuliza hakuchelewa. Siku moja, akiwa na miaka mitano, bomba la mtaa lilikauka. Watu walishika ndoo wakakimbilia kwingine. Yeye alikutwa amelala kifudifudi, sikio amelibana kwenye bomba. Baba yake akamuuliza anafanya nini pale chini.

"Nasikiliza yalikokwenda."

Baba alicheka mpaka akakaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, naye akatega sikio.

Alianza shule ya msingi ya watoto wa reli mwaka 1960, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1967. Kwenye ripoti yake ya kidato cha pili mwalimu wa jiografia aliandika: "Anauliza maswali ambayo kitabu hakina." Mama yake hakujua kama hiyo ni sifa au mashtaka, akaamua kumpongeza na kumkanya kwa pamoja. Mwaka 1976 alihitimu chuo kikuu, shahada ya sayansi ya ardhi na maji, akiwa msichana peke yake katika darasa lake. Shahada ya uzamivu aliipata baadaye, mwaka 1987, akiwa tayari ni mama wa watoto wawili, mmoja akinyonya.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa na idara ya utafiti wa maji. Alipewa meza kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofungika na rafu iliyojaa chupa za tope. Kazi yake ilikuwa kinamasi. Mji ule ulikunywa maji ya mto unaoshuka milimani, na kabla ya kufika mjini, mto huo huingia katika kinamasi cha mafunjo kikubwa kiasi kwamba mashua ya injini huchukua siku nzima kukivuka. Huko ndani mto hupotea. Upande wa pili huibuka tena, kama mtu aliyeingia sokoni kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Yaliyotokea katikati hakuna aliyeyajua. Mkuu wa idara alisema kinamasi ni sponji: maji yanaingia huku, yanajichuja taratibu, yanatokea kule baada ya miezi.

Mwezi Agosti 1982 marehemu aliomba ruhusa ya kumwaga rangi nyekundu, isiyodhuru mtu wala samaki, pale mto unapoingia kinamasini. Akaweka watu wa kuchukua sampuli upande wa pili, akiwaambia wasitarajie kitu kabla ya Krismasi. Kabla wiki mbili hazijatimia, muuguzi mkuu wa hospitali alipanda ngazi za idara akiwa na shuka kwapani. Aliikunjua juu ya meza. Ilikuwa ya waridi.

"Zote ziko hivi," alisema. "Zimetoka kufuliwa asubuhi. Mwanangu, nina mzee kule wodini ameamka akauliza kama ameshafika mbinguni."

Marehemu hakuomba radhi. Aliishika ile shuka kwa mikono miwili na kusema, "Yamefika? Yamefika *tayari*?" Muuguzi mkuu alishuka ngazi akiamini kwamba elimu nyingi nayo ni maradhi.

Kesho yake alimchukua Kasia, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha kuajiriwa kuendesha mashua ya utafiti, wakaenda kuitafuta njia ya rangi ile. Wakati huo ilikuwa imefifia, lakini alimwaga nyingine, na safari hii wakaifuata. Haikutawanyika kwenye mafunjo kama ilivyotazamiwa. Ilijikusanya ikawa uzi mwekundu, ikaingia kwenye upenyo ulionyooka, mpana kiasi cha mwili wa kiboko. Chini kulikuwa kumekanyagwa pakawa pagumu. Kila jioni wanyama wale hutoka majini kwenda malishoni, na kabla hakujapambazuka hurudi kwa njia ileile, tani na zaidi ya mwili ikivunja mafunjo na kukandamiza tope. Mama hupita, mwana hupita, mjukuu hupita, miaka nenda miaka rudi. Na maji, yasiyopenda kujisumbua, hupita walikopita wao.

Kasia ndiye aliyesema kwanza. "Dada, hawa wanachimba mto. Na wala hawajui."

Marehemu alivua kofia, jua likiwa utosini, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Aliwahi kusema kwamba mambo mengi aliyoyajua baadaye aliyajua kwa vipimo, lakini hilo alilijua kwa macho.

Kuanzia hapo akaitwa Mama Kiboko, na hakulikataa jina. Lilimpa taabu shuleni tu. Mwalimu mkuu mmoja alipotangaza mstarini kwamba leo Mama Kiboko atapita kila darasa, nusu ya wanafunzi waliruka ukuta.

Mume wake alimpata kwa sababu ya jino. Alikuwa na jino la kiboko aliyekufa kwa uzee, akitaka likatwe kwa ustadi ili asome miaka yake ndani, kama watu wanavyosoma pete za mti. Akaelekezwa kwa fundi wa meno bandia mwenye chumba kidogo juu ya duka la viatu. Fundi alilipokea jino kwa mikono miwili, akaangalia mlangoni.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa alishakufa," marehemu akajibu. "Na hata angekuwa hai, asingeenea kwenye kiti chako."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa binti na mwana. Fundi hajawahi kuacha kusema kwamba hakuna mteja mwingine aliyemletea kazi ngumu vile na kisha akarudi mara sita kuuliza kama imekwisha, wakati alishaambiwa imekwisha.

Jumatano, tarehe 6 Septemba 1989, asubuhi, Kasia alikuwa peke yake kwenye mashua, akipeleka vifaa kituo cha magharibi. Kwenye kona ya mto alimkuta kiboko jike mwenye ndama. Mashua ilipinduliwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na aliacha mke na binti wa miaka mitatu.

Mji ulimpenda Kasia, na hasira ilipanda. Baraza la mji lilikutana ili kuamua viboko wote wapigwe risasi, na kwa kuwa sheria ilitaka kauli ya mtafiti mkuu, marehemu aliitwa. Alikuwa bado katika nguo nyeusi. Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "Mama, hatukuchoshi kwa maneno. Tunaomba saini yako tu."

"Aliyekufa ni mdogo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwajiri, na mimi ndiye niliyempangia njia ile asubuhi ile. Mkiniuliza kama nawachukia wanyama hawa leo, nawachukia. Lakini mkiniuliza kama mji huu utapata maji bila wao, jibu langu halijabadilika kwa sababu nalia. Siwezi kutia saini."

Mjomba wake alisimama nyuma ya ukumbi akapaza sauti. "Damu nzito kuliko maji! Au wewe huko chuoni ulisoma kinyume?"

Marehemu alichukua mkoba wake akatoka. Aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa amekaa jikoni. Alimtazama mara moja, akageukia ukuta.

Baraza lilikata jambo hilo vipande viwili: viboko wa mashariki waachwe, wa magharibi, alikofia Kasia, wauawe. Ikafanyika hivyo mwaka 1990. Na mama yake akaacha kusema naye. Hakumfukuza, hakumtukana, aliacha tu. Wakiwa meza moja alimgeukia mjukuu: "Mwambie aliyekaa hapo kwamba chai inapoa." Marehemu naye alimjibu moja kwa moja, "Ahsante, Mama," kila mara, kwa miaka minne. Kazini hakukosa. Ila mashua hakuikanyaga tena kwa muda mrefu, na wenzake walijua wasimuulize.

Kufikia mwaka 1993 mvua zilikuwa nzuri, lakini mabomba ya upande wa magharibi wa mji yalitoa upepo. Hospitali ililetewa maji kwa lori. Watu walilaumu mabomba, wakalaumu mitambo, wakalaumu baraza. Idara ilipata ndege ndogo kwa siku moja ili kupiga picha kutoka juu. Ilikuwa na viti vitatu, rubani akiwa ndani ya hesabu. Marehemu alikwenda kwa mama yake.

"Mama, njoo nikuonyeshe alipofia Kasia."

Mama hakuwahi kupaona. Akaenda kuvaa viatu vyake vya kutokea.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Oktoba. Kabla hawajaruka, mama alimgusa rubani begani. "Mwambie huyo afunge mkanda vizuri."

Rubani alishangaa. "Lakini Bibi, yuko karibu nawe kuliko mimi."

"Mwambie tu."

Wakapanda. Paa za mji zikapungua, mto ukawa utepe, kisha kinamasi kikajifungua chini yao, kijani mpaka macho yanapokoma. Upande wa mashariki, ndani ya kijani kile, mamia ya njia zilikuwa zinang'aa. Nyembamba ziliingia kwenye pana, pana zikaingia kwenye pana zaidi, kama mishipa kwenye mkono wa mtu aliyefanya kazi, na zote zimejaa maji, na maji yote yanakwenda upande mmoja, kwenye mji. Hakukuwa na mkono wa binadamu hata mahali pamoja. Rubani, aliyekuwa akipita huko kila mwezi, alipunguza mwendo bila kuombwa.

Mama aligeuka akamtazama binti yake.

"Zile ni nini?"

"Ni njia zao, Mama."

"Zote?"

"Zote. Wamezipita tangu kabla hapajawa na mji."

Mama akatazama upande wa magharibi. Huko mafunjo yalikuwa yameziba, kijani kizito kisicho na mstari hata mmoja. "Na kule?"

"Kule ndiko tulikowaua."

Ndege ikapita juu ya kona ya mto. Marehemu akanyoosha kidole, na mama hakuhitaji kuambiwa. Aliweka kiganja kwenye kioo akakiacha hapo mpaka kona ikapotea nyuma yao. Kisha akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia. Hukunionyesha."

Walishuka wameshikana mikono, na aliyelia zaidi, kwa ushahidi wa rubani, alikuwa rubani.

Mwezi uliofuata baraza lilikutana tena, wengine wakitaka wa mashariki nao wamalizwe. Mama yake Kasia aliomba nafasi. "Mtoto aliyekufa ni wangu," alisema, "kwa hiyo anayetaka kulipiza kisasi aje achukue ruhusa kwangu. Ruhusa sitoi. Jengeni daraja la watu. Mashua zipite kwao, wanyama wapite kwao. Na binti yangu msimwite tena kuja kutia saini. Mwiteni kuja kuwafundisha." Daraja lilijengwa, njia ya mashua ikahamishwa, na mpaka leo hakuna mwingine aliyekufa pale. Mama huyo aliishi hadi mwaka 2001, akizungumza na binti yake kila siku iendayo kwa Mungu, kana kwamba ana madeni ya maneno.

Mwaka 2005 kiboko jike alivuka kwenda magharibi na ndama wake, na wengine wakafuata. Marehemu hakuharakisha kitu. Mwaka 2008, mwisho wa mvua, alipeleka watafiti vijana kwenye mkondo wa zamani. Walikuwa wakipanga vyombo huku wakitaniana, akawaambia, "Nyamazeni kwanza." Maji yalikuwa yanakuja. Yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele, yakasimama kwenye unyayo mpana uliokanyagwa topeni, yakaujaza, yakaingia kwenye uliofuata. Hakuna aliyepima chochote mpaka yalipowapita. Mmoja wa vijana wale, ambaye leo ni mkuu wa idara, anasema hajawahi kuona mtu mzima akitazama kitu namna ile.

Alistaafu mwaka 2013. Mwaka 2020 moyo wake ulianza kudhoofika. Daktari alipomwonyesha kwenye skrini, milango ya moyo ikifunguka na kufungika, damu ikipita, aliomba aonyeshwe tena, na tena, mpaka daktari akamkumbusha kwamba nje kuna foleni. "Kumbe nilikuwa nao huu wakati wote," alimwambia mumewe wakiwa njiani kurudi, "na sikuwahi kuutazama." Alitibiwa vizuri, alitunzwa vizuri, na kwa binti yake, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake wiki nyingi, familia haina neno la kutosha.

Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, baada ya chai ya asubuhi, aliketi barazani na mumewe akimsomea gazeti. Macho yake yalijifumba. Fundi alidhani amesinzia, akaendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa, kwa sababu mkewe hakupenda habari iachwe katikati.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, wifi yake mjane wa Kasia, na binti wa Kasia, aliyemlipia ada ya shule, akamfundisha kuogelea, akamvumilia alipomuuliza habari za baba yake maswali yaleyale kila mwaka. Huyo ndiye aliyeombwa na familia kuusoma wasifu huu, na ndiye anayeusoma.

Mungu aliyeviumba vyote alivyovistaajabia ampokee, na ardhi imlaze kwa upole. Pumzika, Shangazi.